Kidari Hakikatwi Mara Mbili

Hapo zamani, na si zamani ya mbali, maana cherehani inayotajwa humu bado ipo na bado inashona, paliishi huku kwetu milimani Upare fundi wa nguo aliyeitwa Nakijwa binti Yese. Nitakisimulia kisa chake kwa mpangilio, kwa sababu kila kinaposimuliwa haraka haraka kuna mtu hudhulumiwa. Mwishoni nitauliza swali. Atakayesinzia njiani asijibu.

Nakijwa alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Aliishi kwa baba yake, Mzee Yese, mkulima wa tangawizi, pamoja na mdogo wake Nanzia, binti wa miaka kumi na tisa aliyekuwa amemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia. Mama yao alikwishafariki. Kaka yao alikuwa machimboni Mererani, na kutoka huko alituma salamu.

Mwezi wa tatu Mzee Yese alianguka shambani. Upande wake wa kulia ulikufa, na ulimi ukafa pamoja nao. Mabinti walimlaza nyumbani, chali, juu ya godoro jipya. Walimlisha uji kwa kijiko, wakamwombea. Baada ya wiki tano walikuta chini ya mgongo wake kidonda chenye kina cha kidole.

Walimpeleka hospitali. Muuguzi mmoja, mama wa makamo, alikitazama kidonda, kisha akawatazama wao.

"Nani anamlaza huyu mzee?"

"Mimi," alisema Nakijwa. "Godoro ni jipya, dada. Halijafika hata miezi miwili."

"Godoro halina kosa. Nyama ikilaliwa bila kugeuzwa hufa, hata ukiilaza juu ya pamba. Kila baada ya saa mbili, mgeuze. Kulia, chali, kushoto. Mchana na usiku."

Nakijwa alijifunza. Alimgeuza baba yake kulia, chali, kushoto. Alisafisha kidonda kama alivyoonyeshwa, na katika wiki ya saba kilifunga. Yule muuguzi alikuja kukikagua.

"Mkono wako umetulia. Kwa nini hukusomea kazi hii?"

"Niliishia kidato cha nne."

"Panatosha. Unayo Biolojia, Kemia na Fizikia?"

"Biolojia ninayo."

"Nimekuuliza tatu, mdogo wangu."

Sharti lilikuwa hilo. Chuo cha uuguzi kilitaka angalau D katika kila somo kati ya hayo matatu. Hakikuuliza kama umewahi kumgeuza mtu. Nakijwa alirudi nyumbani akatoa cheti chake kwenye bahasha. Biolojia, C. Kemia, F. Mahali pa Fizikia hapakuwa na herufi yoyote, kwa sababu hakuwahi kuufanya mtihani wake.

Hapo pasipo na herufi pana historia yake. Mwalimu wa Fizikia wa shule ile alikuwa Mwalimu Sefania, mjomba wake Nakijwa, kaka wa mama yake. Wanafunzi walipoingia kidato cha tatu, maabara ilikuwa na stuli kumi na nane tu. Mwalimu Sefania akasema mwenye alama chini ya arobaini atoke. Nakijwa alikuwa na thelathini na tisa. Mjomba angeweza kuongeza alama moja. Hakuongeza, kusudi watu wasije wakasema anapendelea damu yake. Nakijwa alibeba daftari lake akatoka, na tangu siku hiyo alimwamkia mjomba wake bila kumtazama usoni.

Nanzia kwa upande wake alikuwa na sifa zote tatu. Cheti chake kilikuwa na C ya Biolojia, C ya Kemia, D ya Fizikia. Angeweza kuomba chuo mwaka uleule. Ndugu hawa wawili walikaa jikoni wakichambua maharage ya makande, na mazungumzo yao yanajulikana.

"Dada, soma wewe kwanza," alisema Nanzia. "Ukinisubiri mimi nimalize, utaingia chuo na mkongojo."

"Na wewe?"

"Mimi sifa ninazo. Sifa hazichachi. Wewe kazitafute zako, mimi nitakaa na Baba, halafu tutaomba pamoja."

"Na Baba atakaa na nani tukienda pamoja?"

Nanzia aliendelea kuchambua maharage. Daktari alikuwa amewaambia kwamba Mzee Yese hangevuka miaka miwili. Mpango wao wote ulisimama juu ya neno lile, wote wawili walilijua, na hakuna aliyelitaja.

Mwaka wa kwanza ulianza.

Mwalimu Sefania alikuwa amestaafu, na mtoto wa jicho alikuwa amemfunika jicho moja na nusu ya jingine. Alikuja na fimbo yake mpaka barazani.

"Nimesikia unatafuta Fizikia."

"Wewe ndiye unayejua ilipo, Mjomba," alijibu Nakijwa akiwa kwenye cherehani. "Uliiweka wewe."

Mzee aligeuka akaondoka na fimbo yake. Kesho yake saa kumi na moja na nusu alfajiri alikuwa barazani tena, akigonga sakafu kwa fimbo. Alikuja hivyo kila siku isipokuwa Sabato, na siku nne alizougua malaria. Kusoma hakuweza. Nakijwa alisoma swali, naye alijibu kutoka kichwani, na akijua kwamba limesomwa vibaya alisema, "Rudia. Hakuna kitabu chenye akili kinachouliza hivyo."

Alitengeneza vifaa kwa vitu vya nyumbani. Jiwe lililofungwa kwenye uzi wa cherehani lilikuwa pendulo. Glasi ya maji na sindano nne za kushonea zilikuwa somo la mwanga.

"Mwanga ukitoka hewani ukaingia majini hufanya nini?"

"Hupinda."

"Kwa nini hupinda?"

"Kwa sababu umechoka, Mjomba."

"Aliyechoka ni wewe. Mwanga hauchoki. Anza tena."

Alifundishwa alfajiri, akashona mchana, akasoma jioni. Kemia alijisomea kwenye madaftari ya Nanzia. Nanzia alipika, alifua, alikwenda shambani kungoja zamu ya maji. Na Mzee Yese aligeuzwa: kulia, chali, kushoto.

Mwezi wa kumi na moja Nakijwa alifanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, darasa moja na watoto aliowashonea sare. Mwezi wa kwanza matokeo yakatoka. Fizikia, D. Kemia, F. Kwenye Kemia alijibu maswali ya kuandika, lakini mtihani wa vitendo ulimshinda. Aliwekewa bureti mbele yake, ule mrija mrefu wa kioo wenye koki chini, akawa hajui hata unakamatwa wapi. Jiwe na uzi vilitosha kwa Fizikia. Tindikali haipatikani jikoni.

"Basi," alisema Nakijwa. "Nimejaribu."

"Umejaribu nusu," alisema Nanzia. "Na nusu nyingine nimekusubiri mimi. Rudi."

Mwaka wa pili ulianza.

Maabara ya shule ilifunguliwa kwa watahiniwa wa kujitegemea siku moja tu katika juma, nayo ilikuwa Jumamosi. Familia ile ni Wasabato. Nakijwa alimuuliza mjomba wake, ambaye alikuwa pia mzee wa kanisa, kama kuna namna.

"Siku sita utafanya kazi," alisema Mwalimu Sefania.

"Kujifunza si kazi, Mjomba."

"Nimekufundisha mwaka mzima. Ni kazi."

Wengine husema mjomba ndiye aliyekwenda kumwomba mtunza maabara. Si kweli. Aliyekwenda ni Nakijwa mwenyewe, amebeba suruali aliyokuwa ameshona kwa ajili ya mtunza maabara huyo. Jina lake Mzee Shafii. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa ameosha chupa za maabara ile, amezipanga na kuzihesabu. Elimu yake ilikuwa darasa la saba. Alimsikiliza Nakijwa, akaikunja suruali.

"Ijumaa ni yangu," alisema. "Jumamosi ni yenu. Jumapili, mimi na wewe hatuna pa kwenda. Njoo saa tatu, upitie nyuma, usipite getini."

"Kibali cha mkuu wa shule je?"

"Ukimuomba atasema subiri kikao. Kikao kitasema subiri muhula. Wewe una muda huo?"

Basi kila Jumapili Mzee Shafii alifungua mlango wa nyuma. Alimwekea tindikali kwenye bureti na maji ya magadi kwenye chupa, akadondosha dawa ya rangi, maji yakawa ya manjano. Kazi ilikuwa kudondosha tindikali tone kwa tone mpaka manjano igeuke ghafla kuwa rangi ya chungwa, na kufunga koki papo hapo. Tone moja likizidi, unamwaga unaanza upya.

"Kwa nini inageuka, Mzee Shafii?"

"Kawaulize walimu. Mimi najua lini, sijui kwa nini. Tazama. Bado. Bado. Bado. Funga!"

"Nimechelewa."

"Umechelewa. Mwaga."

Jumapili kumi na tatu alimwaga na kuanza upya, na alianza kuijua rangi kabla haijafika. Jumapili ya kumi na nne alikuwa ameamka mara nne usiku kumgeuza baba yake, kwa sababu Nanzia alikuwa na homa. Mikono ilikuwa na usingizi. Bureti ilimponyoka, ikapiga ukingo wa meza, ikavunjika vipande vitatu.

Jumatatu mkuu wa shule alihesabu vifaa.

"Nimeivunja mimi," alisema Mzee Shafii. "Nilikuwa naosha."

"Jumapili?"

"Jumapili."

"Kwa kibali cha nani?"

Mzee Shafii aliendelea kufuta meza. Alinyang'anywa ufunguo wa maabara akapewa fyekeo. Kuanzia siku hiyo alifyeka majani ya uwanja wa mpira, na wanafunzi waliokuwa wakimwita Daktari wakaanza kumwita Mzee Majani.

Nakijwa alimfuata uwanjani. "Nitakwenda kusema ni mimi."

"Ukisema leo watakufuta kwenye kituo cha mtihani, na mimi nitakuwa nimefyeka bure. Fanya mtihani kwanza. Utasema ukishapata unachokitafuta."

Alifanya mtihani. Mwezi wa kwanza matokeo yakatoka. Kemia, D. Sasa alikuwa na sifa zote tatu. Ilikuwa imemchukua mwaka mmoja na miezi saba tangu muuguzi amuulize. Na Mzee Yese, aliyekuwa hatarajiwi kuvuka miaka miwili, alikuwa anakula uji wake vizuri na mashavu yamejaa. Kwa hiyo aligeuzwa: kulia, chali, kushoto.

Ndugu wawili waliomba chuo. Barua mbili zikaja siku moja. Majina yote mawili yalikuwa yamechaguliwa.

Walikaa na barua zile mezani kuanzia asubuhi mpaka uji ukapoa. Walijaribu kumwajiri msichana wa kumhudumia mzee. Alikaa siku tisa, akaaga anakwenda sokoni, hakurudi. Walimpigia simu kaka yao. Alituma salamu.

"Nenda wewe," alisema Nanzia mwishoni.

"Wewe ndiye uliyesubiri."

"Mimi sifa ninazo tangu mwanzo, naweza kusubiri tena. Wewe ukikaa mwaka mmoja tu utarudi kwenye cherehani, nakujua. Nenda. Ila ukimaliza, dada, urudi unishike zamu."

"Nitarudi."

Nakijwa alikwenda. Alisoma miaka mitatu. Likizo alirudi, akamgeuza baba yake wiki mbili au tatu, akaondoka. Alimwona Mzee Shafii uwanjani na fyekeo, akamwamkia, na kila mara alisema moyoni, mwaka huu nitakwenda kwa mkuu wa shule. Mwaka wa kwanza hakwenda. Mwaka wa pili mkuu wa shule alihamishwa, akaja mwingine. Mwaka wa tatu aliona haya kwa sababu ya miaka miwili iliyopita.

Katika mwaka huo wa pili chuo kile kiliongeza sharti. Sasa kilitaka na D ya Hisabati. Nanzia alikuwa na F ya Hisabati. Yeye aliyekuwa na sifa zote tangu mwanzo alisomewa tangazo lile na mtu aliyekuja kununua tangawizi, akasema, "Aa," kisha akaingia ndani, kwa sababu saa mbili zilikuwa zimetimia.

Nakijwa alifaulu. Alisajiliwa kuwa muuguzi. Barua ya kazi ikaja, kutoka hospitali ya mbali sana upande wa magharibi ya nchi, ikimtaka aripoti ndani ya siku kumi na nne, na asiporipoti nafasi itolewe kwa mwingine. Siku ya nne, Jumapili, ukoo ulikusanyika kuchinja mbuzi wa shukrani.

Hapa lazima nieleze desturi, ili msije mkajibu kwa desturi za kwenu. Katika ukoo wetu, nyama ya mbuzi wa shukrani huliwa na wote, lakini kidari, nyama ya kifua, hupewa mtu mmoja, yule ambaye bila yeye jambo lisingefika. Mwenye sherehe hutaja majina, na aliyetajwa hujisemea mwenyewe mbele ya watu. Anayekipokea huomba neno moja lililo ndani ya uwezo wa mwenye sherehe, na mwenye sherehe hawezi kukataa. Na kidari hakikatwi mara mbili. Babu mmoja alikikata mara mbili, kwa huruma, akawapa ndugu wawili. Wote wawili waliondoka wakisema wamedharauliwa, na mpaka leo nusu ya ukoo haiji kwenye misiba yetu.

Mwenye kuisimamia desturi alikuwa Shangazi Namkunda, dada mkubwa wa Mzee Yese. Mbuzi alichinjwa na Mzee Shafii, kama ilivyo kawaida huku kwetu, ili Waislamu na Wakristo wale pamoja. Alichinja, akanawa, akachukua koti lake aondoke. Alidhani ameitwa kwa ajili ya kisu tu.

"Kaa," alimwambia Shangazi Namkunda. "Jina lako limetajwa."

Kidari kilichomwa, kikaletwa kwenye sinia. Nakijwa alisimama na kisu. Alikuwa amevaa sare yake nyeupe kwa sababu watu walitaka kuiona, na alikuwa hajalala vizuri tangu afike.

"Anayejisemea ajisemee," alisema Shangazi. "Kwa ufupi. Mbuzi hangoji hotuba."

Mwalimu Sefania aliinuka wa kwanza. Sasa alikuwa haoni kabisa, na alimtazama mtu asiyekuwepo, kando kidogo ya Nakijwa.

"Bila mimi hana Fizikia," alisema. "Nilikuja alfajiri bila macho. Kila nilichokuwa nacho kichwani nilimpa. Sikuomba hata kikombe cha chai."

"Ulikunywa chai kila siku, Mjomba," alisema mtu nyuma, watu wakacheka.

"Nilipewa, sikuiomba. Sasa neno langu ni hili. Miaka ishirini iliyopita, hesabuni wenyewe, nilimtoa darasani kwa alama moja. Nilisema ni haki. Sijawahi kulala vizuri juu ya haki ile. Akinipa kidari nitaomba aseme hapa, mbele yenu, kwamba alama ile imekwisha kati yetu. Nina miaka sabini na sita. Sina muda wa kungoja mbuzi mwingine."

Aliketi, akikitafuta kiti kwa mkono.

"Lakini Mwalimu," alisema Shangazi Namkunda, "aliyemwaga maji akiyazoa, hudai asante?"

"Hayakuwa maji, dada. Ulikuwa mwaka wangu mzima."

Mzee Shafii hakutaka kusema. Shangazi alimwambia mara ya pili.

"Mimi si wa ukoo," alisema, akiishika kofia yake mkononi. "Wala sikumfundisha. Nilimfungulia mlango. Lakini bila mlango ule hana Kemia. Mjomba wake alimpa alichokuwa nacho, na mimi nilimpa alichokuwa nacho mwajiri wangu. Nikalipia mimi. Miaka kumi na tisa nilikuwa mtu wa maabara. Sasa naitwa Mzee Majani. Nastaafu mwezi wa sita. Akinipa kidari nitaomba aende kwa mkuu wa shule aseme nani alivunja bureti, ili nistaafu na ufunguo wangu, hata kama ni wa siku moja."

Watu walimgeukia Nakijwa. Wengi walikuwa hawajui.

"Ni kweli?" aliuliza Shangazi.

"Ni kweli. Alinihurumia, akaniambia nitasema baadaye."

"Na baadaye hiyo ni lini?"

Nakijwa alihamishia kisu mkono wa pili.

"Wa tatu," alisema Shangazi. "Nanzia yuko wapi?"

Nanzia hakuwepo uani. Walimwita mara moja, mara mbili. Alitoka ndani akifuta mikono kwenye kanga. Alikuwa na miaka ishirini na minne, na mgongo wake ulikuwa umeshaanza kuinama upande mmoja, ule anaomwinulia baba yake.

"Nilikuwa namgeuza Baba," alisema. "Mnataka nini?"

"Jisemee."

"Nijisemee nini, Shangazi? Kila mtu hapa amekula makande yangu." Kisha akasema kwa sauti ya chini, na ilibidi watu wasogee. "Mjomba alimpa alfajiri. Mzee Shafii alimpa Jumapili. Siku zilizobaki ni zangu. Nisingebaki, Mjomba angemfundisha nani? Mzee Shafii angemfungulia nani? Wao walimpa vitu walivyokwisha kuvitumia. Mjomba alikwishakuwa mwalimu. Mzee Shafii alikwishakuwa mtu wa maabara. Mimi sijawa kitu. Nilikuwa na sifa zote, nikazikalia mpaka zikaharibika."

"Neno lako?"

"Abaki. Miaka miwili. Mmoja nirudie Hisabati, mmoja nianze chuo, kisha tutazame. Kama nilivyokaa mimi, na yeye akae. Tulikubaliana hivyo."

"Barua ya kazi ina siku kumi zimebaki," alisema Nakijwa. "Nikibaki, nafasi inakwenda. Mwaka ujao sijui kama kutakuwa na nyingine."

"Najua," alisema Nanzia. "Na mimi barua yangu ilikuwa na siku zake."

"Nikienda nitaweza kuleta mtu wa kumhudumia Baba. Mtu wa uhakika."

"Siku tisa, dada. Yule naye tuliambiwa ni wa uhakika."

Mtu mmoja alisema kwamba yote matatu yanaweza kufanyika. Nakijwa aseme alama imekwisha, aende shuleni kesho, kisha abaki na baba yake. Shangazi Namkunda alimkatiza.

"Akitaka kufanya mengine, afanye kwa hiari yake. Hakuna aliyemfunga mikono miaka yote hii, na hakuyafanya. La kidari ndilo lisilokwepeka. Ndiyo maana liko moja."

Hapo Mwalimu Sefania aliuliza, "Binti amesimama wapi?" Jirani yake akamgeuza kwa bega, akamwelekeza.

"Nakijwa," alisema mzee, "mdogo wako amesema vizuri. Lakini usikikate kwa sababu ya aliyesema vizuri."

"Wala kwa sababu ya aliye kipofu," alisema Nanzia.

"Wala kwa sababu ya mgeni," alisema Mzee Shafii. "Mimi naweza kwenda. Nilikuwa nakwenda."

Hakuondoka. Aliendelea kukaa, kofia mkononi.

Nakijwa alivitazama visahani vitatu vilivyopangwa juu ya mkeka, kimoja kwa kila aliyejisemea. Kulikuwa na mjomba aliyemfungia mlango kisha akautafuta ufunguo wake mwenyewe gizani. Karibu naye alikaa mtu asiye ndugu, aliyebeba kosa ambalo si lake, na ambaye hakudai mpaka alipolazimishwa kudai. Mdogo wake alikuwa amesimama, hakukaa. Nakijwa alijua kwamba bila mmoja wao asingekuwa na Fizikia, bila mwingine asingekuwa na Kemia, na bila wa tatu asingekuwa na siku hata moja ya kusoma chochote. Alijua pia kwamba neno la kwanza lingemgharimu sauti tu, la pili lingemgharimu aibu, na la tatu lingemgharimu kazi aliyoitafuta kwa miaka mitano. Hakujua kama kujua hivyo kunamsaidia kukata au kunamchafua mkono.

"Shangazi," alisema, "naomba nikae kidogo."

"Mwenye kisu hakai," alisema Shangazi Namkunda. "Mafuta yanaganda."

Alikata. Alichokifanya kinajulikana katika nyumba ile, na waliokuwepo bado hawajaacha kukibishania, kwa hiyo mimi sitakisema. Ninyi mmesikia jambo lote, hakuna aliyepunguziwa wala kuongezewa. Kisu kiwe mkononi mwenu: kidari kile kimoja mngekiweka kwenye kisahani cha nani?